Vimeng'enya vya nanasi na papai katika kidonge: mwongozo kamili wa kuvichagua na kuvitumia

Ukila nanasi bivu vipande vingi kwa mfululizo, ulimi huanza kuwasha. Sehemu ya muwasho huo hutokana na fuwele ndogo zenye ncha kali zilizomo ndani ya tunda. Sehemu nyingine ni kazi ya bromelaini, kundi la vimeng'enya vinavyokata protini, ambavyo huanza kuumega utando laini wa kinywa papo hapo. Ngozi ya kinywa hujijenga upya haraka, kwa hiyo muwasho hupita. Lakini umeshahisi mwenyewe kwamba kitu hiki kina nguvu, na kwamba kikiguswa kinafanya kazi.

Nguvu hiyo ndiyo inayouzwa ndani ya kapsuli zinazoitwa vimeng'enya vya mimea. Wapo wanaovitumia kwa tumbo linalojaa baada ya kula, wengine kwa uvimbe baada ya jeraha, na wengine wameambiwa vinatibu kila kitu kuanzia magoti hadi saratani. Nimeona watu wakimeza kidonge sahihi kwa saa isiyo sahihi kwa miezi, kisha wakasema hakifai. Nimeona pia watu wakimeza kidonge ambacho hawakupaswa hata kukigusa, kwa sababu ya dawa nyingine waliyokuwa wakitumia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wote hao.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Bromelaini ilitengwa kutoka kwenye nanasi mwaka 1891 na mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano. Ilikaa miaka mingi bila matumizi makubwa hadi mwaka 1957, ilipobainika kwamba shina la mnanasi, lile linalobaki shambani baada ya kuvuna, lina bromelaini nyingi kuliko tunda lenyewe. Tangu hapo karibu bromelaini yote ya kwenye vidonge hutoka shinani. Papaini hutoka kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Papai likiiva, utomvu hupungua na papaini hupungua nayo. Mtini nao una fisini, na tunda la kiwi lina aktinidini. Vyote vinne ni ndugu kwa tabia: vinakata protini.

Hatua ya 1: Taja tatizo lako kwa jina

Kimeng'enya hakina kazi mbili. Kinachokata protini hakigusi wanga, na kinachovunja mafuta hakina habari na sukari ya maziwa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize tumbo linakusumbua baada ya kula nini hasa.

Kama ni nyama, mayai au mlo mzito wa protini, bromelaini na papaini ndivyo vinavyohusika. Kama ni maharage, dengu au kabichi, tatizo ni sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika zikiwa nzima kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na gesi inatoka hapo. Nanasi halitakusaidia. Unachohitaji ni alfa-galaktosidasi. Kama ni maziwa, unahitaji laktasi, na hapa kuna kipimo kinachojulikana wazi: Umoja wa Ulaya unaruhusu lebo kudai msaada kwa wasiomudu laktosi (sukari ya maziwa) pale tu kidonge kinapotoa angalau uniti 4,500 za FCC, kipimo cha nguvu ya kimeng'enya, kwa kila mlo wenye maziwa.

Jambo moja huwashangaza wengi. Alfa-galaktosidasi, laktasi na vimeng'enya vingi vinavyouzwa kwa jina la "asili ya mimea" havitoki kwenye mmea. Hutengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus au hamira, vikuzwavyo kiwandani. Si kitu kibaya, na vingine hufanya kazi vizuri kuliko vya matunda. Ila mtu mwenye mzio wa ukungu anapaswa kulijua hilo, na neno "mimea" kwenye chupa halimwambii.

Kama shida yako si tumbo bali ni uvimbe, maumivu baada ya kung'olewa jino, au kifundo kilichotenguka, basi bromelaini ndiyo ya kuzungumzia, lakini kwa namna nyingine kabisa ya kumeza. Tutaifikia.

Hatua ya 2: Jua ushahidi umefika wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa na matumaini ya watu hupotelea.

Faida ya bromelaini yenye mizizi mirefu zaidi ni kupunguza uvimbe. Sehemu ndogo ya bromelaini hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu ikiwa bado inafanya kazi. Huko, kwa tunavyojua kutoka maabara na majaribio ya wanyama, hupunguza bradikinini, kemikali ya mwili inayofanya mishipa midogo ivujishe maji na kuongeza maumivu, na huchochea kuvunjwa kwa faibrini, nyuzi zinazojikusanya mahali palipoumia. Nchini Ujerumani, kamati ya wataalamu wa mitishamba ijulikanayo kama Kommission E iliikubali bromelaini kwa uvimbe baada ya upasuaji au jeraha, hasa wa pua na sainasi, kwa kipimo cha miligramu 80 hadi 320 kwa siku, kikigawanywa mara mbili au tatu, kwa siku 8 hadi 10. Baada ya kung'olewa magego ya mwisho, baadhi ya majaribio yameonyesha maumivu kupungua. Kuhusu uvimbe wenyewe majibu hayalingani. Kwa hiyo ni msaada wa kiasi, wa muda mfupi, kwa tukio lenye mwanzo na mwisho.

Maumivu sugu ya goti ni habari nyingine. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2006 lilitumia miligramu 800 za bromelaini kwa siku kwa wiki 12 kwa watu wenye goti lililolika kwa kiwango cha kati hadi kikubwa, na matokeo hayakutofautiana na ya kidonge kisicho na dawa. Yapo majaribio mengine yenye majibu mazuri kiasi, mengi yakiwa yamechanganya bromelaini na tripsini (kimeng'enya kingine kinachokata protini) pamoja na rutini (kemikali ya mimea), na hivyo huwezi kusema nanasi ndilo lililofanya kazi. Mwenye goti la namna hiyo asiache mazoezi na dawa alizopewa kwa ajili ya kapsuli.

Matumizi yaliyothibitika kwa uzito mkubwa kuliko yote hayahusu kumeza. Ni jeli ya hospitali iitwayo NexoBrid, iliyotengenezwa kwa vimeng'enya vya shina la mnanasi, inayopakwa na madaktari kwenye majeraha makubwa ya moto ili kuyeyusha ngozi iliyokufa na kuacha iliyo hai. Ulaya iliidhinisha mwaka 2012, na Marekani mwaka 2022. Naitaja kwa sababu wauzaji huiazima sifa yake: "hutumika hospitalini kwa majeraha ya moto." Ni kweli, lakini hilo halisemi lolote kuhusu kidonge cha kumeza, na kapsuli isifunguliwe na kumwagwa kwenye kidonda nyumbani. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuwa na kibali ziondolewe sokoni, baada ya taarifa za watu kupata mzio mkali, shinikizo la damu kushuka na moyo kwenda mbio.

Kwa usagaji chakula, mantiki ni nzuri. Papaini na bromelaini huvumilia mazingira ya namna nyingi, kuanzia uchachu kiasi hadi hali ya kawaida, na hivyo huanza kazi tumboni wakati chakula kimepunguza ukali wa asidi. Wapo wanaopata nafuu ya kweli. Lakini mtu mwenye kongosho zima hutengeneza vimeng'enya vya kutosha, na kidonge hakitamwongezea kitu kikubwa. Na yule ambaye kongosho lake limeshindwa kazi hatosheki na nanasi: huhitaji dawa ya hospitali inayotengenezwa kwa kongosho la nguruwe, yenye kiasi kikubwa cha kimeng'enya cha mafuta.

Kuponya saratani, kuyeyusha kitambi, "kusafisha damu": sijaona ushahidi wa binadamu unaosimama. Pia kuna vidonge vinavyodai kuvunja gluteni, protini ya ngano. Mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, asivitumie kama ruhusa ya kula ngano, kwani utumbo utaendelea kuumia hata asipohisi.

Hatua ya 3: Hakikisha hauko kwenye kundi lisiloruhusiwa

Wengi huruka hatua hii wakisema kitu cha tunda hakiwezi kudhuru. Tafadhali usiiruke.

Bromelaini inaweza kupunguza kuganda kwa damu. Ukitumia warfarini, klopidogreli, aspirini ya kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usianze bila daktari kujua. Tahadhari hiyo inaihusu papaini pia. Kama umepangiwa upasuaji, acha wiki mbili kabla. Baada ya upasuaji, hata kama lengo lako ndilo lilelile la kupunguza uvimbe, subiri daktari aliyekupasua aseme sasa unaweza.

Bromelaini inaweza kuongeza kiwango cha baadhi ya viuavijasumu mwilini, ikiwemo amoksilini na tetrasaiklini. Mwambie mfamasia unachomeza, hata kama hakuuliza.

Mzio ni jambo zito. Mwenye mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu na puto, mara nyingi huwa na mzio wa papai, kiwi, ndizi na parachichi pia, kwa sababu protini za utomvu zinafanana. Mtu huyo aiache papaini kabisa. Wenye mzio wa nanasi, figili-tamu (seleri), shamari au chavua ya nyasi nao wawe waangalifu. Usifungue kapsuli na kuupuliza unga wake: wafanyakazi wa viwandani waliovuta unga wa papaini wamepata pumu.

Wajawazito wasitumie. Utomvu wa papai bichi umeonekana kukaza mji wa mimba katika majaribio ya wanyama, na usalama wa vidonge hivi kwa mama na mtoto haujathibitishwa. Wanaonyonyesha na watoto wadogo wasubiri ushauri wa daktari. Mwenye vidonda vya tumbo pia avikwepe: utando uliojeruhiwa si mahali pa kupeleka kitu kinachokata protini.

Na mtu akikwamwa na nyama kooni, asipewe papaini. Zamani madaktari waliwahi kujaribu njia hiyo ya kuilainisha nyama iliyokwama, wakaiacha, kwa sababu papaini haichagui kati ya nyama iliyokwama na ukuta wa umio. Umio ulitoboka. Hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali.

Hatua ya 4: Soma uniti, si miligramu

Miligramu hukuambia uzito wa unga. Hazikuambii unga huo unafanya kazi kiasi gani, na kimeng'enya kilichokufa kina uzito uleule wa kilicho hai. Kwa bromelaini, tafuta herufi GDU au MCU. GDU hupima uwezo wa kuyeyusha jelatini, na MCU hupima uwezo wa kugandisha maziwa. Kwa makadirio, GDU 1 ni sawa na MCU 1.5.

Tuchukue mfano. Chupa moja imeandikwa miligramu 500, nguvu GDU 2,400 kwa gramu. Nusu gramu inakupa GDU 1,200 kwa kapsuli. Chupa nyingine imeandikwa miligramu 500 vilevile, lakini nguvu ni GDU 600 kwa gramu, kwa hiyo unapata GDU 300. Zinafanana kwa macho, na moja ina nguvu mara nne ya nyingine. Chupa isiyoonyesha uniti yoyote irudishe kwenye rafu. Vivyo hivyo chupa inayoorodhesha vimeng'enya kumi na tano chini ya jina "mchanganyiko maalumu" na uzito mmoja wa jumla, maana huwezi kujua kila kimoja kipo kiasi gani.

Angalia pia kama kapsuli imefunikwa kwa utando unaostahimili asidi ya tumbo. Kwa kazi ya uvimbe utando huo unafaa, maana bromelaini hufika utumbo mdogo ikiwa salama. Kwa kazi ya kusaga chakula tumboni haufai, kwa sababu kidonge kitapita tumbo kikiwa kimefungwa. Mwisho, tafuta alama ya maabara huru iliyopima bidhaa, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo mbali.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa jelatini

Jaribio hili nalipenda kwa sababu halihitaji kumwamini mtu yeyote. Chukua jelatini ya kawaida isiyo na ladha. Iyeyushe kwa maji ya moto kama pakiti inavyoelekeza, kisha iache ipoe hadi iwe vuguvugu tu, ambapo kidole kinakaa bila taabu. Hapa usiharakishe, maana joto kali huua kimeng'enya na utakishtaki kidonge kwa kosa lako.

Gawa kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili tia unga wa kapsuli moja, ukiimwaga taratibu karibu na kikombe ili vumbi lisipae, kisha koroga. Cha tatu tia kijiko cha juisi ya nanasi bichi, isiyo ya kopo. Weka vyote kwenye friji saa nne au zaidi.

Cha kwanza kitaganda. Cha nanasi kitabaki maji, kwani bromelaini imezikata nyuzi za protini zinazoshikilia jelatini. Cha kapsuli kikibaki maji, kidonge chako kina uhai. Kikiganda kama cha kwanza, ulichonunua kimekufa, ama kwa joto la safari, ama kwa kukaa sana. Usitumie aga badala ya jelatini: aga hutokana na mwani na si protini, kwa hiyo itaganda hata nanasi likiwa zima. Na kama kapsuli yako imejaa chembe zilizofunikwa dhidi ya asidi, jaribio hili haliwezi kukupa jibu.

Jaribio linafundisha jambo jingine pia. Ukirudia kwa nanasi la kopo, jelatini itaganda, kwa kuwa nanasi la kopo limepikwa. Nanasi au papai lililochemshwa ni chakula kizuri, ila kwa habari ya vimeng'enya halina kitu.

Hatua ya 6: Meza kwa saa yake

Kidonge kilekile cha bromelaini hubadilika kazi kulingana na saa. Ukikimeza na chakula, kinapambana na protini ya sahani na kuishia hapo. Ukikimeza tumbo likiwa tupu, hakina cha kusaga, na sehemu yake hupata nafasi ya kuingia kwenye damu.

Kwa usagaji, meza mwanzoni mwa mlo, pamoja na tonge la kwanza au la pili. Ukimeza saa moja baada ya kula, chakula kimeshatangulia. Alfa-galaktosidasi na laktasi nazo hufuata kanuni hiyo, na zisitiwe chunguni wala kwenye chakula kinachofuka moshi. Mwenye kisukari ajue kwamba alfa-galaktosidasi hugeuza sukari zisizosagika kuwa sukari zinazofyonzwa.

Kwa uvimbe, meza saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, mara mbili au tatu kwa siku. Anza na kapsuli moja tu siku ya kwanza, mchana, ukiwa na watu karibu, ili kama mwili una mzio usioujua ujulikane mapema. Midomo ikivimba, kifua kikibana au vipele vikitokea mwili mzima, nenda hospitali mara moja. Kuharisha kidogo au kichefuchefu huweza kutokea; punguza kipimo au acha. Wanawake wengine huona hedhi ikiongezeka, na hiyo nayo ni sababu ya kuacha.

Meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, na usilale papo hapo. Tunza chupa mahali pakavu, pasipo joto, ikiwa imefungwa vizuri. Bafuni na juu ya jiko ni sehemu mbaya mbili ambazo watu huzipenda.

Hatua ya 7: Weka daftari na weka mwisho

Kabla ya kidonge cha kwanza, andika kwa siku tatu: ulikula nini, saa ngapi, tumbo lilijaa kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi. Kisha anza, uendelee kuandika. Kwa kazi ya uvimbe, pima kwa kamba au futi ya fundi mahali palepale kila asubuhi. Bila namba hizo, kumbukumbu hufuata matumaini. Kwa tumbo, jipe wiki mbili. Kisha acha siku tatu uone kama shida inarudi. Ikirudi, na ukianza tena ikapungua, una sababu ya kuendelea na mlo ule unaokusumbua tu. Kwa uvimbe, siku kumi zinatosha.

Zipo dalili zisizongoja wiki mbili: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, shida ya kumeza, macho kuwa ya njano, maumivu yanayokuamsha usiku, au choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka sana. Hii ya mwisho ndiyo mara nyingi huashiria kongosho, na ndiyo ambayo watu hujitibu kwa vimeng'enya vya dukani kwa miezi. Zikitokea, nenda kwa daktari na daftari lako na chupa yenyewe, ili asome uniti na orodha ya viambato kwa macho yake.